Damu ya Pili

Msomaji alikuwa na adabu ya kutotangaza habari kwa sauti. Alipomaliza kazi alizima taa yake ya bluu, akawasha ya manjano, akangoja mwenye kidole aje.

Siku hiyo mwenye kidole alikuwa Benigna Luambano. Alivuta kiti, akakaa mbele ya Msomaji, mashine nyeupe isiyozidi ukubwa wa jiko la mkaa, akatazama kioo chake. Ndani, damu ya mgonjwa aitwaye Wilibaldi Kihwelo ilikuwa imechujwa chembe zote nyekundu, ikabaki maji yake ya rangi ya asali. Maji hayo yalikuwa yamegawanywa katika vishimo vidogo vidogo, na kila kishimo kilikuwa na vimelea hai wa homa ya mgunda kutoka mfereji mmoja wa Bonde la Lwiha.

Kila mfereji ulikuwa na vimelea wake. Tangu mto ulipoacha njia yake ya zamani na watu kuugawa kwa matuta na malango, panya wa kila mtaa walikojolea maji ya kwao tu, na vimelea wa huku wakaachana na wa kule kama ndugu waliogombea urithi. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, lakini damu huwatofautisha. Mtu akiugua, mwili wake hutengeneza kingamwili za kumkamata yule aliyeuingia. Zikimkuta tena kwenye kishimo humshika, na vimelea hugandana madongemadonge kama uji uliokorogwa na mvivu. Msomaji huizimua damu, akaizimua tena na tena, huku akitazama ni kishimo gani kitabaki na madonge wakati vingine vyote vimeachia.

Kilichokataa kuachia kilikuwa cha Mfereji wa Namwai.

Chini ya jina hilo palikuwa na duara la kuweka kidole gumba. Benigna angeweka kidole, na mambo mengine yote yangejiendea. Lango la Namwai lingejifunga, tangi la chumvi lililo juu yake lingejifungua, na hakuna mwenyekiti wala mbunge ambaye angeweza kulizuia. Chumvi huua vimelea wa mgunda. Huua na mpunga pia, na ardhi huibakiza nyeupe, haioti kitu kwa miaka. Watu wa Mfereji wa Mbasa waliotiwa chumvi zamani bado walikuwa wakiishi vilimani, wakingoja mgawo wa unga.

Sheria ilikuwa kali, lakini haikuletwa na mgeni. Watu wa Bonde waliipitisha wenyewe baada ya ile homa kubwa, pale viongozi walipokuwa wakipigiana simu na kuoneana haya huku watu wakizikwa wanne wanne. Mikono ilinyooshwa uwanjani. Benigna alinyoosha wake pia, na hakuwahi kuujutia.

Dakta Anzeruni, mkuu wa kituo, aliingia akifuta miwani kwa kitambaa cha shati.

"Bado hujaweka kidole?"

"Bado, Dakta."

"Mashine ina tatizo?"

"Mashine ni nzima. Damu ndiyo changa." Benigna aligeuza kioo ili naye aone. "Huyu bwana ameanza kuumwa juzijuzi tu. Na ujanani alilima Namwai, akapata homa hukohuko, akapona. Mimi naona damu yake imeshtuka ikakimbilia silaha ya zamani."

Dakta hakushangaa, maana jambo hilo linafundishwa. Mwili uliowahi kupigana na mmoja wa ndugu hawa, ukivamiwa na mwingine, siku za mwanzo humwaga kwa wingi kingamwili za adui wa zamani. Ukiiuliza damu ya namna hiyo nani amekupiga, itakutajia jina la ujanani. Baada ya wiki mbili hivi ndipo hutulia ikamtaja wa leo.

"Nalijua hilo," alisema Dakta. "Lakini sheria haisemi damu ya kwanza wala ya pili. Inasema damu. Na amekwambia ameingia maji ya wapi?"

"Hajaingia. Ni fundi wa pampu, anafanya kazi juu ya tuta. Nimemuuliza lile swali kama lilivyoandikwa: tangu mvua zianze, umefanya kazi kwenye maji ya mfereji wowote? Akasema hapana."

"Sasa kama si Namwai ni wapi?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka damu ya pili."

Dakta alivaa miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kuzika wagonjwa wengi kwa wiki moja. "Unajua mwenye kidole akikataa, jina lake linasomwa redioni. Bonde zima litajua ni nani anayengoja. Mtu akifa katika huko kungoja, ndugu zake wanajua pa kwenda."

"Najua."

"Na kama ni Namwai kweli?"

"Basi nitakuwa nimekosea, Dakta, na watanijia mimi. Lakini mpunga wa Namwai umeanza kutoa maua. Nikiwatia chumvi kwa kosa la damu, nani atawarudishia?"

Dakta akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei asiyoipenda. Jioni ile redio ya Bonde ilisoma jina la Benigna Luambano.

*

Wilibaldi alikuwa ameanzishiwa dawa tangu siku aliyofika, maana dawa haingoji Msomaji. Hata hivyo macho yalikuwa yamemgeuka manjano na mashavu ya miguu yalimuuma hata shuka likiyagusa. Benigna alipoingia wodini kumtazama, mzee huyo alifumbua jicho moja.

"Mngoni umekuja kunimalizia?"

"Mhehe hafi upesi," Benigna alimjibu. "Mbwa wote mliokula watakulilia, utashindwa kulala kaburini."

Mzee alicheka mpaka akashika tumbo. Ndivyo walivyokuwa siku zote. Yeye Mhehe, Benigna Mngoni, watani tangu mababu zao walipochoka kuuana. Mtani hukutukana hadharani ukashukuru, na siku ya msiba ndiye anayekuja kuchimba na kuzika, kwa sababu wafiwa hawana nguvu na yeye hana haya.

"Nakuomba jambo moja," alisema Wilibaldi alipopata pumzi. "Nikifa msinizike kule kwenu. Nimeyaona makaburi ya Wangoni. Maji ya lile la baba yako yalinifika magotini, nikadhani tunamzika kambale."

Benigna alianza kucheka naye. Kisha akaacha.

Aliona upya siku ile, mwanzoni mwa mvua. Moyo wa baba yake ulikuwa umesimama ghafla, na kule Mfereji wa Lihami kaburi lilijaa maji kila walipolichimba. Wilibaldi alivua buti zake za kazi, akakunja suruali, akaruka shimoni pekupeku. Alichota maji kwa ndoo huku akiwatukana wafiwa wote kwa majina, akidai jogoo, la sivyo atalala humo yeye. Jembe lilimkwaruza kidole cha mguu, akapiga kelele kwamba Wangoni wameanza tena vita. Watu walicheka huku wanalia. Benigna mwenyewe alicheka, na ndicho kitu pekee alichokumbuka kwa shukrani katika siku ile yote.

"Mzee Wilibaldi," alisema taratibu, "nilikuuliza kama umefanya kazi kwenye maji. Ukasema hapana."

"Sikufanya."

"Na kaburi la baba?"

Wilibaldi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ile ni kazi? Ingekuwa kazi ningewalipisha. Ule ni utani, mwanangu. Mtu huhesabu utani?"

Hakuna Mhehe wala Mngoni ambaye angejibu vingine. Waliotunga swali walikaa chumba kizuri na kulipima neno kwa neno, na hakuna aliyefikiri kwamba katika Bonde hili watu huingia majini kwa sababu nyingi, na kazi ni mojawapo tu.

Benigna alimfunika miguu, akatoka, akasimama ukumbini akiwa ameegemea ukuta. Kama dhana yake ilikuwa sahihi, ugonjwa ulikuwa Lihami. Lihami ndiko alikozaliwa. Ndiko mama yake alikokuwa bado akilima, na baba yake alilala pembeni mwa jaruba la mwisho la mpunga.

Ofisi ya Dakta ilikuwa mlango wa tatu. Alitembea hadi pale, akainua mkono kubisha, akaushusha. Alijiambia kwamba hana damu ya kuthibitisha, ana kichekesho cha mgonjwa tu. Alijiambia kwamba neno moja likifika redioni, mpunga wa Lihami hautanunuliwa na mtu hata kama si kweli. Yote hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo yalimfaa sana.

*

Jumapili baada ya misa alikwenda Lihami. Nyumba ya mama yake, Mama Skolastika, ilisimama juu ya nguzo kama nyingine zote, na chini yake maji ya mfereji yalipita polepole, safi kwa macho, yakiingia kwenye majaruba. Mpunga ulikuwa umefika kiunoni. Msalaba wa baba ulionekana kwa mbali, rangi yake bado mpya.

"Umekonda," alisema mama. "Redio inawakondesha watu siku hizi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kula kwanza."

Alikula. Alipomaliza alimwomba mama anyooshe miguu, akazitazama nyayo zake zilizopasuka nyufa. Ilikuwa miguu ya mtu aliyesimama kwenye mpunga maisha yake yote.

"Mama, usiingie majini kwa hizi wiki mbili."

"Na palizi?"

"Palizi itangoja. Nyufa hizi zitakuletea maradhi. Paka mafuta, zipone."

Mama alimtazama. "Ni nyufa tu?"

"Ni nyufa."

Alimdanganya mama yake siku ya Jumapili, akiwa na ladha ya chakula chake mdomoni.

Alipokuwa akishuka ngazi alikutana na Kunegunda, jirani wa nyumba ya pili, mwanamke kijana mwenye sauti ya kuita ng'ambo. Alikuwa amefunga khanga kiunoni, miguu imeloa tope mpaka juu.

"Shikamoo dada Beni. Tumekusikia redioni. Shemeji zangu wa Namwai wanakuombea, wanasema bila wewe sasa hivi wangekuwa wanalamba chumvi."

"Marahaba. Wasalimie."

"Sisi huku tunakujivunia. Tunasema yule ni wa kwetu."

Benigna alifungua kinywa. Ingetosha kusema, nawe pia usiingie majini. Lakini Kunegunda angeuliza kwa nini, kwa sauti ile, na kabla jua halijazama Lihami nzima ingejua. Akamshika bega, akamwambia afya njema, akaondoka.

*

Damu ya pili ya Wilibaldi ilichukuliwa baada ya wiki mbili, mzee mwenyewe akiwa ameketi kitandani na kulalamikia uji wa kituo kwamba umepikwa na Mngoni. Msomaji aliimeza. Dakta Anzeruni na Benigna walikaa bega kwa bega wakiangalia vishimo.

Damu ikazimuliwa. Namwai ilishika, na Lihami ilishika. Ikazimuliwa tena na tena. Namwai ilianza kulegea, madonge yakafumuka na vimelea wakatawanyika wakiogelea. Lihami ilibaki imegandana, ikabaki, hata pale maji ya damu yalipokuwa mepesi kiasi kwamba ungedhani hamna kitu tena. Taa ya manjano ikawaka.

"Umewaokoa watu wa Namwai," alisema Dakta. Akasoma jina mara ya pili. "Lihami si kwenu?"

"Ni kwetu."

"Basi simama. Sheria inaniruhusu kumpokea mwenye kidole katika hali kama hii. Nitaweka mimi."

"Nipe muda kidogo, Dakta."

Alitoka akampa nafasi, na hilo lilikuwa jambo la heshima, ingawa si la kumsaidia.

Benigna alibaki na duara lile. Angeweza kuomba damu ya tatu. Sasa jina lake lilikuwa na uzito. Alikuwa amekataa mara moja na akawa sahihi, na akikataa tena nani angembishia? Ndani ya muda huo mpunga wa Lihami ungekaribia kuiva, watu wangevuna hata ulio mbichi kidogo, mama angehamisha vitu vyake, wangemfukua baba na kumpandisha kilimani kwa heshima. Kilichohitajika ni neno moja dogo, "subiri", lile lile alilolisema kwa Namwai. Alilionja ulimini. Kwa Namwai lilikuwa neno la haki. Sasa lilikuwa na ladha nyingine, na alijua tofauti yake, ila alitamani asiijue.

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akachungulia. "Dada Beni, ameletwa mgonjwa mpya. Macho manjano. Anasema anakufahamu."

Kunegunda alikuwa amelazwa kwenye machela, midomo imemkauka, na ile sauti ya kuita ng'ambo ilikuwa imekwisha, imebaki ya kunong'ona. Weupe wa macho yake haukuwapo. Muuguzi alikuwa akimwekea dripu. Benigna alifunga mpira kwenye mkono, akapata mshipa, damu ikaingia kwenye kichupa, nyeusi kuliko alivyotarajia. Mikono ilifanya kazi kwa mazoea. Mdomo nao ukatoa swali kwa mazoea.

"Tangu mvua zianze, umefanya kazi kwenye maji ya mfereji wowote?"

"Siku hizi kazi sifanyi, dada. Majaruba ya kwetu yanalimwa na mume wangu." Kunegunda alivuta pumzi. "Nilimpalilia mama yako tu. Alisema umemkataza kuingia majini, miguu yake mibovu. Nikamwambia kaa, mama, nitakupalilia mimi. Hiyo si kazi, ni jirani."

Benigna alishikilia kichupa kile chenye joto.

"Kimebaki kipande kidogo," Kunegunda aliendelea, "pale kaburini kwa mzee. Maji ni mengi pale. Nikipona nitakimalizia, mwambie mama asihangaike."

Benigna alirudi chumba cha Msomaji. Dakta alikuwa amesimama kando ya mashine, tayari kuvua glavu.

"Niachie mimi," alisema.

"Hapana, Dakta. Na hilo swali lenu libadilishwe. Muwaulize watu wamelowa wapi. Msiulize kazi." Alisogea mbele ya kioo. "Na kuna jambo redio italisoma kesho chini ya jina langu. Nilijua ni Lihami tangu wiki ya kwanza. Nilimwonya mama yangu peke yake."

Aliweka kidole gumba kwenye duara, akakibonyeza hadi taa ikageuka nyekundu.

King'ora cha Lihami kilikuwa mbali, lakini Bonde ni tambarare na sauti husafiri juu ya maji. Kikalia kikipanda na kushuka. Simu ya Benigna ikaanza kutetemeka mfukoni, jina la mama likiwaka, na hakuipokea kwa sababu alikuwa na mtu mwingine wa kuongea naye kwanza.

Kunegunda alikuwa amegeuzia uso dirishani.

"Hicho ni cha wapi, dada?"

"Cha kwetu."

Mwanamke yule alifumba macho. Benigna alivuta kigoda akakaa karibu na kichwa chake, akamshika mkono usio na dripu.

"Kunegunda, haikuwa miguu ya mama. Nilimkataza kwa sababu nilijua. Siku ile tulipokutana kwenye ngazi nilijua. Wewe sikukwambia."

King'ora kiliendelea. Kunegunda aliondoa mkono wake taratibu, bila hasira, kama anayechukua kitu chake alichokuwa ameazimisha.

"Naomba maji ya kunywa," alisema.

Benigna alimimina kikombe kutoka kwenye birika la maji yaliyochemshwa, akamwinua kichwa. Kunegunda alishika kikombe, akakitazama ndani, akamtazama Benigna, akakitazama tena. Ilipita kitambo kirefu kabla hajanywa.